Mkokoteni Uliotangulia Kutoka Makambini

Makambi ya kanisa pale Ngulyati yalikwisha Jumapili asubuhi, na muda si mrefu uwanja ukawa kama gulio lililovamiwa na nyuki. Zamani tulikuwa tunalala kwenye vibanda vya nyasi, kila mtu anakijua chake. Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameshaingia, maduka yamejaa, kila familia imekuja na turubai la bluu. Bluu ileile. Nilikunja nusu ya turubai la watu kabla mwenyewe hajanipigia kelele.

"We mayu, mama wee, hilo langu! Lako si lile lenye kiraka?"

Nikarudi kwenye langu, naona aibu, nikaanza kufunga. Sufuria ipo. Mkeka upo. Kikombe cha mwanangu hakipo. Nikasema wameshaniibia, tena walokesha wakiomba hawahawa. Blanketi lake halipo. Sweta yake ya mtumba haipo.

"Mwizi gani anaiba vya mtoto tu?" nilimwuliza mume wangu.

Aliendelea kung'ang'ana na kigingi kilichokuwa kimeshang'oka.

Mtoto nilikuwa nimemwacha na mama mkwe kivulini ubavuni mwa kanisa, ili nifunge mizigo. Nikaenda mbio. Palikuwa na alama za magurudumu na mavi mabichi ya ng'ombe. Mama mmoja aliyekuwa anakunja mkeka akacheka.

"Kumbe hujui? Bibi kaenda kumwachisha ziwa kwake Kasoli. Utalala sasa!"

Kwetu ni kawaida, mtoto huenda kwa bibi mpaka asahau ziwa. Lakini mama huambiwa! Sikuwa na mimba, sikuwa mgonjwa, na mtoto ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

"Ulijua?" nilimwuliza mume wangu niliporudi hemani.

"Mama alisema ukiambiwa utalia, kambi haitavunjika."

Nilikuwa nimeshika mti wa katikati wa hema. Nikauachia. Turubai likamfunika lote.

Barabarani mikokoteni ilikuwa mingi. Nilikimbilia mmoja, bibi akageuka, si yeye. Wa pili, si yeye. Maziwa yameloanisha gauni, sijui nalia kwa hasira au kwa nini. Nikawakuta ng'ombe wa mama mkwe wanakunywa maji darajani, mtoto juu ya magunia anatafuna kiazi. Mwanangu alinitazama kama jirani aliyekuja kuazima chumvi.

"Mayu, nipe mwanangu," nilimwambia mama mkwe.

"Mchukue."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Hakuna ugomvi. Mtoto alinusa maziwa akaanza kulia, nikakaa chini palepale nikamnyonyesha.

"Baba yake naye wakwe zangu walimchukua hivihivi," mama mkwe alisema. "Nikiwa shambani napalilia. Nililia mpaka nikachoka."

"Sasa na wewe mbona umenifanyia?"

Aliwavuta ng'ombe kutoka majini. "Sikujua kumbe mtu anaweza kufuata."

Mpaka leo sijui kama alinisifu au alinisema. Alinipa kikombe, blanketi na sweta, akapanda mkokoteni wake. Nami nilimfunga mwanangu mgongoni nikarudi Ngulyati, hasira zote bado ninazo ila sizijui tena za nani.

Turubai lilikuwa palepale chini, mume wangu kakaa juu yake.

"Kunja," nikamwambia.