Mota ya Cherehani

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na binti yake wa miaka saba amekulia chini ya meza ya kazi. Si kwamba alifichwa. Mtoto mwenyewe alipachagua pale. Alijikunja, mgongo ukutani, kiganja kwenye ubavu wa pedali, na siku ikapita hivyo. Marehemu baba yake alimwita Chiriku kwa utani, maana hakuwa na neno hata moja.

Daktari alituambia ni usonji. Akatueleza kwa upole kwamba sisi tukiingia chumbani tunaona chumba, lakini Chiriku anaona kwanza ufa, uzi, msumari, na vyote vinampigia kelele kwa pamoja. Penye kitu kisichobadilika ndipo anapopumzika.

"Mkitaka kubadili jambo nyumbani, mwonyesheni kwanza, kidogo kidogo."

Nikaitikia. Nilidhani anasema mambo ya kuhama nyumba.

Kumbe kule chini mtoto alikuwa anajifunza. Mwaka jana, mama yake akiwa anashona, kisauti kikatoka: "Sketi." Ilikuwa sketi kweli. Kesho yake, "Suruali." Kwa jinsi pedali inavyokuwa nzito, inavyosita kwenye mikunjo, yeye alijua nguo bila kuitazama. Wateja wakaanza kuchungulia.

"Shikamoo, meneja!" jirani yetu muuza mkaa alimtania. "Na hilo langu ni nini?"

"Gauni," akajibu, macho chini.

"Haya, fundi, mrithi umeshampata, kapumzike!"

Halafu siku moja, hakuna nguo kwenye cherehani, akasema, "Mama." Mdogo wangu alilia mpaka akalowesha kitambaa cha watu. Daktari naye akafurahi, akasema maneno mengine yatafuata, ila taratibu.

Aliyeharibu ni mimi. Niliona miguu ya mdogo wangu inavimba kwa kukanyaga na sare za shule zimemwelemea. Nikanunua mota, nikaleta fundi aifunge, na Chiriku nikamwacha kwangu na binti yangu siku nzima asisumbuke na nyundo. Nilimshukuru Mungu kwa kunijalia kutenda wema.

Aliporudi aliingia moja kwa moja chini ya meza, akaweka kiganja. Pedali ilikuwa imetulia tuli. Juu yake mota ikavuma. Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia, akajigonga kichwa mezani, akatoka akitambaa huku ameziba masikio.

"Zima, dada! Zima!" mdogo wangu akapaza sauti, akimkimbilia mtoto.

Nilipapasa huku na huku. Sikujua hata pa kuzimia.

Jioni ileile tuling'oa mota, tukarudisha mkanda wa zamani wa pedali, tukadhani yamekwisha. Chiriku hakurudi chini ya meza. Hii ni wiki ya tano anakaa mlangoni, uso nje, anakula kidogo sana, na maneno yamekatika yote. Daktari anasema tumpe muda, ila hawezi kutuahidi kitu. Mimi nimesali, nimefunga, nimetubu. Sijui kingine cha kufanya.

Jana mchana nilimkuta mdogo wangu, mtu mzima na mwili wake, amejibana chini ya meza.

"Jamani, unafanya nini huko?"

"Kaa kitini, dada. Kanyaga."

"Kushona mimi sijui."

"Sijakwambia ushone. Kuna kitambaa hapo kwenye sindano. Wewe kanyaga tu."

Nikakanyaga, kitambaa kikaenda upogo. Yeye alikuwa ameweka kiganja, kisha shavu, kisha akafumba macho kama mtu aliye kwenye sala.

"Unasikia?" nikamuuliza.

"Nasikia chuma tu, dada. Chuma kinagonga chuma." Akageuza shavu la pili. "Yeye alikuwa anasikia nini humu?"

Nikamtazama Chiriku kule mlangoni. Ametupa kisogo, mikono masikioni.

"Niache?"

"Ongeza kidogo. Labda sijasikiliza vizuri."

Nikaendelea kukanyaga.