Nyumba Ambayo Husna Hakulala

Mtu wa mjini akitaka kwenda vijiji vya pwani, kuanzia Mkuranga kushuka huko kusini, na hajui atalala wapi wala atatembea na usafiri gani, watu wa Kariakoo walimpa namba ya Husna. Hawakutaja kampuni. Walisema tu, mpigie Husna, yeye amelala huko.

Husna aliishia darasa la saba, hapo hapo Ilala alikozaliwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Abdulatif, wa mwaka na nusu, ambaye kila mtu alimwita Latifu. Baba wa mtoto alikwenda Msumbiji kutafuta maisha. Inaelekea aliyapata, maana hakurudi. Husna akaajiriwa na dada Vicky, Mchaga mwenye stoo ya mashuka, vyandarua na magodoro ghorofa ya tatu, karibu na Mtaa wa Kongo. Wateja wa Vicky wengi walikuwa wenye nyumba za wageni za pwani, na Husna ndiye aliyesindikiza mizigo. Akifika huko, gari la kurudi hakuna mpaka asubuhi, basi analala. Akirudi anasimulia: nyumba ile maji yake matamu, ile nyingine usiombe. Watu wakaanza kumuuliza. Vicky, ambaye harufu ya biashara huinusa kabla chungu hakijainjikwa, akamwekea meza dirishani na simu, wanaopangiwa safari wakawa wanalipia.

Husna alikuwa na utaratibu wake. Hakutaja nyumba kabla hajalala humo. Alifika bila kutoa taarifa, mtoto mgongoni, akaonja maji ya kisima kama yana chumvi, akakagua choo, akalala chali kitandani kusikiliza kama banda la video liko karibu. Asubuhi alimchukua mtu wa pikipiki amzungushe kijijini, na kabla ya kupanda alihakikisha anamnusa mdomo. Halafu alikwenda kisimani kuwauliza wanawake jambo moja ambalo hakuliacha hata siku moja: bamvua likija, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, bahari ikapanda kupita kiasi, maji yanafika wapi? Maana pwani njia ya asubuhi si lazima iwe njia ya jioni.

Mwezi wa nne alipiga simu mama mmoja wa Upanga, jina lake Urmila. Alizungumza taratibu, kama mtu anayechagua nyanya. Alisema mumewe, mzee Umakant, alizaliwa kijiji cha Mikokoni, baba yake alikuwa na duka huko, na sasa macho yanamwishia; anataka kuliona duka kabla giza halijafunga. Walikuwa wamepanga kwenda Jumamosi. Yeye mwenyewe miguu yake mibovu, magoti hayakunjiki. Akauliza mawili tu: choo ni cha kukaa? Na bajaji itafika mpaka mlangoni?

Mikokoni ilikuwa na nyumba moja tu yenye choo cha kukaa, mpya, ya rafiki wa Benedict, mdogo wake Vicky. Husna alikuwa hajaifikia. Alipanga kwenda Jumatano, lakini Jumanne Latifu akashikwa na homa na kuharisha, macho yakaingia ndani. Akaomba safari ya wazee isogezwe wiki moja. Vicky alikuwa anahesabu vyandarua, hakugeuka. Akamwambia rafiki wa Beni anasubiri wageni wake wa kwanza.

"Umelala nyumba thelathini, Husna. Ya thelathini na moja itakuwa imeota pembe?"

Benedict akacheka. Akasema labda Husna ni mkaguzi wa serikali, wao ndio hawajaarifiwa.

Husna akampigia mwangalizi wa ile nyumba, anaitwa Abdulswamad. Akamuuliza choo, akajibiwa cha kukaa. Akamuuliza bajaji, akajibiwa inafika mlangoni, haina shida. Pale ndipo angeuliza bamvua. Neno lilikuwa mdomoni. Alimtazama Latifu aliyelala juu ya godoro lililofungwa kwa nailoni, jasho limemtoka, akafikiria kazi, na mshahara wa mwezi huu na ujao. Akasema asante kaka, akakata simu. Hakusahau kuuliza. Aliogopa kujibiwa.

Kisha akampigia Urmila.

"Bajaji inafika mlangoni, mama. Nimelala pale mwenyewe."

Jumamosi hiyo mwezi ulikuwa mpevu. Bajaji ilifika alasiri, ikasimama kwenye mikoko, maji yamefunga njia, nyumba inaonekana ng'ambo kama mtu anayekukejeli. Dereva akasema wasubiri usiku maji yatoke, au mama abebwe. Wanaume wanne wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakakibeba mabegani, na watoto wa kijiji nyuma yao kama ngoma imeingia. Katikati mmoja akateleza. Urmila akatumbukia mpaka kifuani, mama wa miaka sabini na mbili, na sari yake ikafunuka, ikaelea juu ya maji mbele ya watu asiowajua. Duka la baba yake, mzee Umakant hakwenda kuliona. Siku mbili alikaa chumbani kumkanda mkewe, kisha wakarudi mjini.

Yote hayo Husna aliyapata kwa Abdulswamad, Jumanne asubuhi. Vicky naye aliyapata, na alikuwa ameshapanga jibu. Akamwelekeza Husna kwamba yule mama akija aseme alilala, njia iliharibika baadaye kwa mvua, yameisha.

Urmila alikuja saa tano. Lifti ya jengo ilikuwa imekufa toka Ramadhani, kwa hiyo alipanda ngazi zote, na walimsikia anavyopumua kabla hawajamwona. Husna akainuka, akamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaketi kwenye rundo la magodoro, akamtazama Latifu aliyekuwa ameshapona na anatafuna kona ya boksi. Akauliza mtoto ana miezi mingapi. Akajibiwa.

"Binti, nijibu hili tu. Ulilala pale?"

Vicky akakohoa. Benedict akajifanya anasoma simu.

"Sikulala, mama," Husna akasema. "Mtoto aliumwa. Niliogopa kukwambia."

Alidhani mama atapiga kelele, na angeshukuru. Urmila akakunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili.

"Ungeniambia maji yanajaa, tungekwenda hivyo hivyo," akasema. "Mzee alitaka. Ningeondoka asubuhi maji yakiwa yametoka, basi. Wala nisingekulaumu."

Akaomba asaidiwe kushuka. Husna akampa bega, wakashuka ngazi moja moja, mguu mmoja ukisubiri mwenzake. Kila kituo cha ngazi Urmila alisimama kupumua, na Husna akasimama naye. Chini, Urmila akaingia kwenye bajaji ya Upanga. Hakugeuka nyuma.

Husna alipanda tena taratibu, akijua kazi imekwisha na akijiambia kwamba angalau uongo uliotoka mdomoni mwake ameurudisha mwenyewe. Alipofika mlangoni simu ya mezani kwake ilikuwa inaita. Vicky akamtangulia, akaipokea. Sauti yake akailainisha, akaishusha, akaifanya ya pwani.

"Eeh, Husna hapa," Vicky akasema. "Mikokoni? Nyumba nzuri sana, dada yangu. Nimelala pale mwenyewe, siku mbili."

Akamtazama Husna machoni wakati anasema, wala hakuona haya. Yule wa kwenye simu alishukuru sana. Shukrani zilisikika mpaka mlangoni.

Husna akamwinua Latifu, akamtoa kipande cha boksi mdomoni, akamfunga mgongoni kwa kanga, akatoka bila kuaga. Ngazini alikutana na wachukuzi wawili wanapandisha magodoro, akajibana ukutani kuwapisha.