Tanuri Halina Magurudumu

Mimi si mtu wa kuamini haraka. Wanaonijua wanasema nilizaliwa hivyo. Uongo mtupu. Nilifundishwa, na mwalimu wangu alikuwa baba.

Tuliishi pembeni mwa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, karibu na barabara ya Kambove, ndani ya rulote. Kampuni iliyotengeneza barabara ilipofunga kazi haikuwa na mishahara ya kulipa, ikawaachia wafanyakazi vile vyumba vya bati vyenye magurudumu walivyolala wakiwa kazini. Baba, aliyekuwa dereva wa greda, alipata kimoja. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yetu, lakini ardhi chini yake ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja mzee, na kila mwezi tulimlipa kodi ya kusimama tu. Familia kumi na kitu tulikuwa katika hali hiyo, mistari miwili ya bati.

Majirani waliuza matairi mapema. Baba hakuuza. Aliinua rulote juu ya matofali, akaficha matairi manne chini ya kitanda, na kila Jumamosi alipaka ekseli grisi. Mama akilalamika juu ya harufu ya mpira, jibu lilikuwa lile lile: "Niko na magurudumu, niko na nyumba."

Alikuwa na sababu. Kaka yake mkubwa, mzaliwa wa Likasi kama yeye, alikuwa na nyumba nzuri ya matofali. Ulipofika wakati wa kuwafukuza watu ambao babu zao walitoka jimbo jingine, watu walikuja mlangoni wameshika orodha, wakasoma majina. Baba mkubwa na watoto wake walilala gare, stesheni ya reli, wiki nyingi wakingoja treni ya kuwaondoa. Nyumba ya matofali ilibaki, na wengine wakaingia. Sisi tuliponea kwa kuwa mama ni wa hapa, na wajomba zangu walikuja kusimama mbele ya mlango wetu.

Mama yeye alikuwa na tanuri. Alilijenga kwa mikono yake nyuma ya rulote, kwa udongo wa kichuguu, mwaka mishahara ilipokatika. Mkate wa tanuri lile ulitulisha, na ndio ulionimalizisha shule kwa masista.

Baada ya maduka ya mjini kuporwa, yule mwenye ardhi aliamua kuondoka nchini. Tayari alikuwa na mnunuzi, tajiri aliyetaka kujenga depo ya kuhifadhi bidhaa. Hapo ndipo jirani yetu, mama mshonaji ambaye watu walimchagua awasemee, alirudi kutoka mjini na habari: kuna ofisi ya serikali inayotoa mkopo kwa wakaaji wanaotaka kununua kwa pamoja ardhi wanayokaa, na mzee amekubali kuwauzia wao kwanza.

Nilicheka. Serikali iliyoacha kuwalipa walimu wangu itukopeshe sisi? Na huyu mama, safari zote hizi za mjini, nauli anapewa na nani? Nikaanza kuhesabu safari zake. Nikaona ana kitenge kipya. Nikakumbuka kwamba shemeji yake anafanya kazi komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Nilimchukia kabla hajanikosea chochote, nasema ukweli.

Aliniletea fomu ya mkopo, kwa sababu baba hakujua Kifaransa. "Mutoto yangu, musomee papa. Kama iko na neno, aje kwangu, tutazungumuza."

Nilimsomea baba akiwa ameketi juu ya ngazi ya rulote. Jina. Kazi. Watu wangapi nyumbani. Halafu nafasi nyingine: jimbo la asili, eneo, kijiji. Ningeweza kunyamaza, au kumpeleka kwa jirani akaulize, kama nilivyoagizwa. Badala yake niliongeza ya kwangu: "Papa, ni ile orodha."

Baba hakupandisha sauti. "Bale balijiandikaka mbele, ni bale balipandaka treni mbele," alisema, yaani waliojiandikisha kwanza ndio waliopanda treni kwanza. Akanirudishia karatasi.

Mama alitoka na unga hadi kwenye viwiko. "Na tanuri yangu? Nitaipandisha juu ya magurudumu gani?" Kesho yake mama alivaa nguo ya misa, akaenda mwenyewe ofisini kujiandikisha. Karani alimwambia mwanamke aliyeolewa haweki sahihi bila ruhusa ya mume kwa maandishi. Ruhusa hiyo baba hakuitoa. Mama alirudi akakanda unga.

Baada ya wiki, mama mshonaji alikuja amebeba bahasha, akamwulizia baba. Nilisimama mlangoni nikamjibu kwamba amelala. Ilikuwa saa nne asubuhi, na baba alikuwa akikohoa nyuma yangu. Jirani aliniangalia sana, akasema basi, akaenda.

Mkopo ulitoka. Nilingoja mtego, nikangoja tena, haukuja. Mzee alilipwa akaondoka. Kona yetu haikuwa ndani ya mkopo, basi iliangukia kwa yule wa depo, naye alitupa wiki mbili. Na pesa zilivyokuwa zikianguka thamani miaka ile, baada ya muda mfupi malipo ya mwezi ya majirani yalikuwa bei ya mkate mmoja. Mkate wa mama, ndiyo.

Baba alitoa matairi chini ya kitanda karibu kwa furaha. Ekseli zilizunguka bila kulia. Lori lilituvuta, majirani wale wale wakasukuma kutoka nyuma, hadi uwanja wa mjomba. Mama alibandua mlango wa chuma wa tanuri, akaupakata njia nzima. Tanuri lenyewe lilivunjwa kwa nyundo kabla ya mwezi kuisha. Hakujenga jingine tena. Alisema kwa mjomba ni kwa watu, si kwake.

Baba alifariki kabla ya miaka ile kumalizika. Mama mshonaji alikuja kilioni, akakaa kwenye mkeka karibu na mama. Hata pale sikumwacha. Nilimwuliza: nusu ya watu wa kiwanja kile wana asili moja na baba, sasa ile nafasi ya asili waliijazaje bila kuogopa?

Kesho yake alirudi na bahasha, ile ile, akanipa nakala ya orodha ya waombaji wa mkopo. Ilikuwa mwandiko wake wote. Katika nafasi ya asili, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, aliandika Likasi. Likasi, Likasi, Likasi. Mstari wa saba ulikuwa jina la baba, dereva wa greda, asili Likasi. Sahihi tu haikuwepo.

"Nilimuletea asaini," alisema. "Ulisema analala."

Mama yangu aliomba nimsomee, nikamsomea yote. Alishika ukingo wa karatasi, akauliza taratibu, bila kuniangalia: "Ile siku, papa yako alikuwa analala kweli?"

Nilimwambia hapana.