Baba Pilipili

Leo bwana yangu ameitwa kwa jina la paka, na ameitika.

Tangu jana Pilipili, paka wetu, alikuwa anachuchumaa kila pembe ya nyumba, mkojo hautoki. Asubuhi akakataa hata ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Paka wa mtaa wetu wa Buyenzi akikataa ndagala, jua si mchezo.

Nikamwambia bwana yangu, Baba Amina, tumpeleke kwa veterineri, daktari wa wanyama. Yeye anabeba mizigo bandarini, na huko wanamjua kwa ukali.

"Apana. Mi nionekane na paka? Ile ni paka yako."

Sawa. Nikajifunga kitenge niende peke yangu.

Kugeuka, nikamkuta mlangoni, paka amemfunika ndani ya koti lake la kazi.

Kwa veterineri watu wamekuja na mbuzi na mbwa wa ulinzi. Walitucheka waziwazi. Daktari akaingia na Pilipili ndani, sisi tukabaki kwenye benchi.

Mlango ukafunguliwa.

"Baba Pilipili ni nani hapa?"

Bwana yangu akasimama mbele ya wote.

"Ni mi, dogiteri. Mutoto anaendeleaje?"

"Amekojoa. Mungengoja kesho, mungemukosa."

Nyinyi wenzake wa bandarini, kesho mwiteni hivyo hivyo, ataitika.

Na mi mniite Mama Pilipili.