Ufunguo wa nyumba ya baba

Jana usiku nilimfungia baba ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Kumbukumbu zimempotea. Juzi tulimkuta barabara kuu hapa Mkumbara, malori yanampita.

Basi ufunguo nikautoa kwenye msumari wa mlangoni, nikauficha nyuma ya pazia. Mimi niufikie upesi, yeye asiuone.

Asubuhi nikamkuta anapapasa msumari mtupu.

"Unatafuta nini, baba?"

Akaniangalia kama mtu asiyenijua.

"Shikamoo, mama. Naomba unifungulie, niende nyumbani."

Baba yangu mzazi, ananiamkia mimi.

Nikafungua, nikamshika mkono, tukaizunguka nyumba taratibu mpaka mlangoni tena.

"Tumefika, baba."

Akanishukuru, akaingia.

Ninyi mnaouguza wazazi, hivi ile shikamoo ningeiitikia?