Ndizi za Mitunguu

Mama yangu ana pua. Wengine alikuwa akiwapokea kwa mkono, mimi wakati huo nilipokewa kwa pua. Nikifika kwake kumwona binti yangu, alinisogelea kana kwamba ananipangusa vumbi begani, akavuta pumzi, kisha akaamua kama nitaingia au nitarudi nilikotoka. Mtoto alimchukua siku niliyokutwa nimelala juu ya cherehani mchana kweupe, wateja wamesimama mlangoni wakingoja sare za shule. Sikumlaumu. Nilimchukia, ndiyo, lakini kumlaumu sikuweza.

Kianjai ni soko, na sokoni hakuna siri. Mwanamume akilewa, watu husema leo amezidisha kidogo. Mwanamke akilewa, wanafukua mpaka ukoo wa nyanya yake. Kwa hiyo muuguzi mmoja aliponinong'oneza kwamba kuna kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe, sikuuliza wanafanya nini, niliuliza wanakutana wapi. Akasema kuna moja Meru mjini, na jingine Mitunguu, kwenye ukumbi wa kanisa, Alhamisi mchana. Mjini nina mashemeji wenye midomo. Nikachagua Mitunguu, nikamwambia mama naenda kununua ndizi.

Nilifika nimechelewa, nimevaa sweta la kwetu katika joto la kule, koo limenikauka. Baa ya kwanza niliipita nikitazama chini, ya pili nikiimba wimbo wa kanisa kimoyomoyo. Ukumbini watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi kwa mduara, wanapitishiana chai na mandazi. Nikasema moyoni, walevi wa huku wamenawiri.

Nilijibanza karibu na mlango, nia yangu nisikilize tu kisha niondoke. Lakini kwetu mgeni haachwi akae kama gunia. Mwenyekiti alikatiza maneno yake, akanikaribisha, akaniomba nisimame nisalimie watu na niseme kilichonileta.

Maneno nilikuwa nimeyakariri njia nzima. Nikasimama nikayamwaga yote kabla hofu haijanifunga mdomo: kwamba mimi ni mlevi, kwamba mtoto wangu analelewa na mama yangu kwa sababu hiyo, kwamba asubuhi ile mikono ilinitetemeka hata nikashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na kwamba hata safari yenyewe nimemdanganya mama kuwa naenda kununua ndizi. Nikasema nimechoka. Kisha nikakaa.

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena.

"Pole sana, mama," akasema kwa upole. "Sisi hapa ni wakulima wa ndizi. Wale unaowatafuta wako chumba cha nyuma."

Aibu iliyonishika sina jina lake. Nilikuwa nimekwepa kijiji changu kizima, nikaja kujianika mbele ya kijiji cha wenyewe. Na nilijijua: nikitoka pale peke yangu, miguu haingezunguka nyuma ya ukumbi. Ingenipeleka kwa ile baa ya pili.

Mweka hazina wao, mama mzee mwenye kitambaa kichwani na viatu vya mpira, aliinuka. Alimkabidhi jirani yake mkoba wa kundi, akanishika mkono juu ya kiwiko, tukatoka. Tulipopita tangi la maji nilimwambia anaweza kurudi, mlango nimeuona. Hakuniachia. Mbele ya mlango wenyewe alisimama, na hapo nikagundua kwamba anayetetemeka si mimi peke yangu.

"Huu mlango mimi napitanga hapa kila Alhamisi," akasema. "Kila mara najiambia, wiki ijayo. Leo umesema yangu yote mbele ya watu. Twende, mwari, kabla sijarudi nyuma."

Tukaingia. Walikuwa wachache, kwenye viti vya plastiki, na chai yao haikuwa na mandazi. Hapo hakuna aliyetulazimisha kusimama. Mama mzee alizungumza mwenyewe, polepole, juu ya marwa, pombe ya kienyeji ya nafaka, anayoitia kwenye chupa ya chai ili wajukuu wadhani ni uji. Mimi nililia tu. Waliniambia kulia pia ni kuhudhuria, nikawaamini.

Tulipotoka, wakulima walikuwa wametuachia mkungu wa ndizi mlangoni. Mwenyekiti alikuwa ameacha neno kwamba ni wa yule mgeni, asije akaonekana mwongo kwao.

Basi nikawa mtu wa ndizi. Kila Alhamisi nilirudi nazo: tukazichemsha, tukaziponda na maharagwe, tukazichoma, tukagawia majirani mpaka wakaanza kujificha. Niliteleza mara moja, na siku hiyo pua ilinirudisha getini, ndizi zangu kichwani. Nililia njia nzima. Alhamisi iliyofuata mama mzee alikuwa ameniwekea kiti.

Miezi ikapita. Jioni moja nilifika, nikatua mzigo, nikamwinamishia mama bega kama kawaida. Hakusogea. Nyuma yake binti yangu alikuwa amevaa viatu, mkoba wa shule mgongoni.

"Ndizi zimetosha," mama akasema. "Huko unakoenda, endelea kwenda. Lakini usiniletee ndizi tena. Leo beba mtoto."