Mfupi wa Timu ya Reli

Habari ya kifo chake ilinikuta sokoni, nikichagua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mpagazi mmoja wa bandarini alinigusa bega akaniambia, kwa jina wanaloitwa wazee hapa, "Papa, ule mufupi wa basiketi amekufa." Hakutaja jina, wala mimi sikuuliza, maana katika mji huu wa Albertville, ambao wazee wake bado wanauita kwa jina lake la asili, Kalemie, hakuna mfupi mwingine wa basiketi. Niliziacha ndagala palepale mezani, nikasahau hata kumwomba radhi mama muuzaji, nikaenda hospitali. Nilikuta wameshamfunika. Homa ilimshika wiki iliyopita, akadhani itapita kama zilivyopita nyingine, na alipokubali kupelekwa kwa daktari ilikuwa imekwisha kumpanda kichwani. Wasomaji wa safu hii mmenizoea nikiwa mtu wa utani. Leo mnisamehe. Nimeumia, tena nina hasira, na sitajaribu kuficha lolote kati ya hayo mawili.

Kwa wale ambao hawakuwahi kumwona akicheza, niseme wazi kwamba alikuwa mfupi hasa, si mfupi wa kusemwa kwa adabu. Alipokwenda kukata tikiti stesheni, karani aliyekaa nyuma ya dirisha alisikia sauti bila kuona mtu. Akina mama wa kambi ya reli walimtania kwamba alipe nusu nauli, naye ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. Mtu wa namna hiyo hujifunza mapema kuwatangulia watu kucheka, ili kicheko kiwe chake. Lakini mama yake aliwahi kuniambia kwamba nyumbani hakuwa akicheka. Alikuwa akisimama kwenye mwimo wa mlango na kujipima, hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu, aone kama labda ameongezeka kidogo. Alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja tu, kwamba wenzake wamwone kuwa mtu kamili kama wao.

Mpira wa kikapu ulielekea kumpa hicho, na ulianza kwa bahati. Mwaka 1960, baada ya uhuru, Wazungu waliokuwa wakicheza katika timu ya reli walifunga mizigo wakaondoka, wakatuachia jezi, mpira, na uwanja wa saruji nyuma ya maghala. Msimamizi mmoja wa karakana, Mkongomani mwenzetu, alipewa kazi ya kuunda timu mpya. Alichora mstari wa chaki kwenye mlango wa stoo, juu sana, akatangaza kwamba atakayeufikia kwa kichwa atacheza, tena atalipwa mshahara wa mchezaji na kupewa chumba kambini. Nusu ya wanaume wa mji walijipanga. Waliofika kwenye chaki walikuwa wanne, na mchezo unataka watano. Mfupi wetu, aliyekuwa mbeba matofali bandarini, alipita chini ya ule mstari akiwa na kofia yake kichwani, akasema yeye atashika nafasi ya tano mpaka apatikane mrefu. Watu walicheka hadi kushika mbavu. Msimamizi naye alicheka, kisha akamwandika, na baada ya michezo michache hakuna aliyezungumza tena habari ya kutafuta mrefu.

Siri ilikuwa ni yale matofali. Anayeijua bandari yetu anajua namna yanavyoshushwa kutoka kwenye mashua. Watu husimama mstari, tofali hurushwa mkono kwa mkono, na hakuna anayerusha kabla ya kusikia sauti ya anayepokea. Macho hayana kazi kubwa pale, yamejaa vumbi. Anayepokea huita "Leta!", na tofali huifuata sauti. Ukirusha bila kuitwa utamvunja mwenzako vidole. Kanuni hiyo ndiyo aliyoihamishia uwanjani. Aliwazoeza wale warefu wanne kuita, jambo ambalo mwanzoni waliliona la aibu, kwa sababu Wazungu walicheza kimyakimya. Yeye mwenyewe alidunda mpira chini kabisa, karibu na vifundo vya miguu, hata kila aliyetaka kumnyang'anya ikambidi ainame mbele yake. Akisha kuwainamisha, husikia sauti nyuma yake, na mpira huenda huko bila yeye kugeuka.

Mwaka uliofuata walisafiri kwa meli kwenda kucheza Usumbura, kaskazini mwa ziwa, nami nilikuwa pamoja nao kwa ajili ya gazeti. Watazamaji wa kule walipomwona akiingia katikati ya warefu wake walipiga miluzi. Mchezaji wao mmoja, bwana mkubwa kama kabati, alimpapasa utosini mbele ya watu wote. Mfupi wetu alimpa mkono akamsalimu kwa heshima zote. Ilipofika mapumziko yule bwana alikuwa ameinama na kuinuka hata akashika kiuno kama bibi aliyelima kutwa. Tulishinda, na sauti yangu ilipotea kwa siku kadhaa. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni adhuhuri ya safari ya kurudi. Tulikuwa tumekaa kivulini juu ya meli, na kapiteni wa timu, ambaye si msemaji, akatuambia kwamba bila mtu huyu wao wanne wangekuwa miti tu iliyopandwa uwanjani. Alisema kweli, na aliisema kwa upendo. Mwenye sifa alikuwa amelala usingizi mzito kando yetu, na hakuna aliyefikiria kumwamsha.

Aliishi hivyo kwa miaka, akila kwa jasho la mchezo, yeye na mama yake katika chumba cha kambi. Kisha vita vilikuja, mwaka 1964. Sitavisimulia, kila nyumba hapa ina habari zake. Wengi wetu tulikimbilia milimani au ng'ambo, Kigoma. Yeye alibaki, kwa sababu miguu ya mama yake ni mibovu na hakuwa na kimo cha kumbeba mbali. Tuliporudi tulimkuta uwanjani na ufagio, akikusanya vioo vilivyovunjika. Mbao za vikapu zilikuwa zimegeuzwa kuni. Alisema zitapatikana nyingine.

Mwaka huu zilipatikana, na pamoja nazo alikuja mkubwa mpya wa timu, mtu wa mbali. Alifika na utepe wa fundi cherehani. Aliwapima wachezaji mmoja mmoja, na alipofika kwa mfupi wetu hakuufungua hata huo utepe. Alisema hataki timu yake ichekwe. Kwa kuwa mshahara na chumba vilikuwa vya mchezaji, vyote viwili vilikwenda pamoja na jezi. Jioni ile wale wanne walimfuata kambini, wakamwambia kwamba wao pia hawatacheza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawajibu, "Muende tu mucheze. Muko na watoto." Basi walikwenda, wakacheza.

Nilimtembelea baadaye huko mtaa wa Katanika, nyumbani kwa mjomba wake, alikokuwa amehamia na mama yake. Alikuwa amerudia matofali. Aliniuliza habari za timu, nikamwambia imeshinda. Alichokoa vumbi la matofali chini ya kucha, halafu akasema, "Niliwaambia waende. Na kweli wakaenda." Nilimuuliza kama amewakasirikia. "Hapana, Papa. Nilikuwa tu nataka wagombane na miye kidogo. Walikubali mbio sana." Nilimweleza kwamba wale wenzake wanampenda. Aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayemkubalia mgeni. Nilipomuuliza kapiteni kwa nini hawaendi kumwona, alinijibu kwamba wanaona aibu, kwamba lazima amewachoka. Huku wanaona aibu, kule mwenzao anahesabu kwamba wamemsahau, na katikati kuna mwendo mfupi ambao hakuna aliyeutembea.

Nimekuwa nikijiuliza siku hizi tumerithi nini hasa. Tulilalamika sana kwamba Mzungu alitupima kwa rangi, kwa pua, kwa jinsi tunavyokula mezani, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Alipoondoka tuliushika utepe sisi wenyewe, na mikono yetu haikutetemeka. Nenda biro yoyote, ofisi yoyote ya mji huu, utaona. Huyu hafai kwa sababu ya kabila lake, yule kwa sababu hana diploma, mwingine kwa sababu viatu vyake vimetoboka. Na sisi tunaojua thamani ya mtu huyo, tuliomwona akifanya kazi yake, tunasifu pembeni, baina yetu, kwa sauti ya chini. Yule anayepima vibaya ndiye pekee anayezungumza na mtu huyo uso kwa uso. Ndiyo maana mtu anaweza kupendwa na mji mzima na bado akafa akiamini kwamba mwenye utepe alikuwa na haki.

Watu wa reli wana desturi yao. Mwenzao akifa, jeneza hutengenezwa karakanani, na ndugu humpima marehemu kwa uzi, uzi ukapelekwa kwa seremala. Mfupi wetu hakuwa tena mtu wa reli, lakini maseremala hawakutaka kujua hilo. Waliposikia tu habari, walianza kukata mbao za mabehewa, wala hawakungoja uzi. Seremala mkubwa, ambaye hakukosa mchezo hata mmoja, alisema huyu anamjua, hana haja ya kipimo. Jeneza lilifika asubuhi, zuri, limepigwa randa likang'aa. Tukamlaza ndani. Tukatazamana, maana miguu yake iliishia mbali sana na mwisho wa sanduku. Lilikuwa jeneza la mtu mrefu kuliko sisi wote tuliokuwamo. Kapiteni, aliyesimama mlangoni na wenzake watatu, aligeukia ukuta akalia kwa sauti.

Mama yake, aliyekuwa amekaa mkekani, aliuliza sanduku hili ni la nani. Seremala alivua kofia, akaikunjakunja mikononi.

"Njo yake, Mama, ya mutoto wako," alisema. "Nilikata vile tunamuonaka."

Mama alimtazama, akaitazama ile nafasi tupu chini ya miguu ya mwanawe, kisha akawatazama warefu wanne pale mlangoni.

"Mungemuambia," alisema. "Miaka yote hii, mungemuambia."

Tulikunja mablanketi tukajaza ile nafasi, asije akateleza njiani, wale wanne wakainua, tukaenda kumzika. Somo la leo ni la mama huyo, si langu, nami ninaliandika huku machozi yakinizuia kuona karatasi. Kila mmoja wenu ninyi mnaonisoma anamjua mtu anayejiona mdogo, ambaye ninyi mnamwona mkubwa. Liwekeni gazeti hili chini. Nendeni mkamwambie leo, kwa midomo yenu, wakati angali anasikia.